Kusubiri Nako ni Kazi

Upigaji wa tamthilia mtaani huchukua saa nyingi kwa sababu ya kazi yenyewe. Hoja kwamba umati wa watu hukaa bure kutwa nzima ili kupata dakika chache za picha, na kwamba simu moja ingetosha, imetazama kamera ikasahau sikio.

Sauti ndiyo inayokula muda. Katika mji wa pwani kama Bagamoyo, bodaboda ikikatiza maneno ya mwigizaji, tukio hurudiwa. Adhana ikianza, kazi husimama mpaka iishe, kwani vipande vikiunganishwa baadaye, adhana iliyokatika katikati husikika wazi. Kabla ya kuhama chumba, wote hunyamaza kama nusu dakika ili fundi sauti anase utulivu wa chumba hicho: feni, kuku wa jirani, upepo kwenye makuti. Mpita njia huona watu wamesimama tu. Kuwaita wavivu ni kuwaonea.

Jua nalo halingoji. Adhuhuri huwa utosini na kutia kivuli machoni mwa mwigizaji. Jioni hutua upesi.

Halafu matukio hayapigwi kwa mpangilio wa hadithi. Posa na talaka za nyumba moja huweza kupigwa asubuhi moja, na yupo mtu ambaye kazi yake ni kukumbuka kikombe kilishikwa kwa mkono upi, chai ilibaki kiasi gani, na mkono wa kanzu ulikunjwa mara ngapi.