Wapiganaji wa Maji Maji hawakuwa wajinga

Bado nipo Vwawa kwa mazoezi ya kufundisha, nashika Historia ya Tanzania na Maadili, na leo nina la rohoni. Kuna kauli imenichosha: eti babu zetu walikuwa wajinga, waliamini maji yatazuia risasi. Wanafunzi wanacheka, na sisi walimu watarajiwa tunacheka nao!!

Jamani, Julai 1905 kule Nandete, Umatumbini, walianza kwa kung'oa nini? Pamba! Tangu 1902 serikali ya Gavana von Götzen ilikuwa inawalimisha watu mashamba ya pamba ya vijiji, akida amesimama na kiboko, huku shamba la mtu mwenyewe linaota majani. Uzaramo mtu alitakiwa siku 28 kwa mwaka, msimu ukiisha anapewa senti 35. Hata mimi ningeng'oa.

Maji ya Kinjikitile wa Ngarambe yaliwaweka upande mmoja Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni... watu ambao kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na lake. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini vita ikaenda mpaka 1907. Kama ni uchawi wa mtu mmoja, mbona haukufa naye?

Sasa angalia Uingereza. Mwaka 1536 watu wa kaskazini waliinuka dhidi ya Mfalme Henry wa Nane, aliyekuwa akifunga nyumba za watawa na kuchukua ardhi zao. Walitembea na bendera ya majeraha matano ya Kristo, wakiamini Mungu yuko nao. Mfalme akawapa ahadi, wakatawanyika, kisha kiongozi wao Robert Aske akanyongwa York mwaka 1537. Hao vitabu vinawaita mahujaji. Wa kwetu ni "washirikina". Tofauti ni nini hasa, rangi ya bendera?

Na wa kwetu walilipa zaidi. Wajerumani walichoma vyakula na mashamba, njaa ikamaliza waliobaki: makadirio ni kati ya watu 75,000 na 300,000. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea kuomba radhi, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa hapo mwaka 1906. Na hilo nalo tulicheke?