Kiwanja cha Kibaha Hakiuzwi

Shemeji alikuja Jumapili na hesabu yake kamili: niuze kiwanja cha Kibaha, binti yangu aliyemaliza kidato cha nne akasome Diploma ya Kimataifa. "Ukimpeleka kidato cha tano cha kawaida," akaniambia, "unamfungia mlango wa dunia."

Nimechoka kuusikia mlango huo.

Sikatai kwamba diploma hiyo, iliyoanzishwa Geneva mwaka 1968, ni elimu nzuri. Mwanafunzi husoma masomo sita, zikiwemo lugha, sayansi na hisabati, tena hujichagulia swali la kuchunguza na kuliandikia insha ya hadi maneno 4,000. Mimi nilisoma HGL. Miaka miwili nilinakili notisi za ubaoni nikazikariri, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza: wewe unataka kujua nini? Hilo linaniuma hadi leo.

Lakini tuambiane ukweli. Wengi wetu tunaolipa mamilioni hatulipii swali hilo. Tunalipia safari. Mtoto aende Toronto, na asiporudi tunajivunia zaidi.

Insha ya maneno 4,000 haihitaji bwawa la kuogelea wala basi lenye kiyoyozi. Inahitaji mwalimu mwenye muda wa kuisoma. Mwenye wanafunzi themanini hana muda huo, na wazazi wenye sauti ya kudai walimu waongezwe ndio sisi tunaohama. Mama anayekaanga vitumbua tangu alfajiri hawezi kuacha biashara akae kikaoni saa nne asubuhi. Mimi naweza. Nikiondoka, nani atasema?

Binti yangu aliitaka ile diploma. Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu akaniuliza, "Baba, kwa hiyo msimamo ni wako, ila anayeulipia ni mimi?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilimwambia achague tahasusi aipendayo, na kila likizo aje na swali lake mwenyewe aliloliandikia. Nitalisoma neno kwa neno. Na muda huohuo nitaudai shuleni kwa ajili ya wenzake wote.

"Tutaona, baba," akasema.

Ana haki ya kutoniamini bado. Kikao cha kwanza cha wazazi, nitapanda basi la alfajiri.