Rhapta na Watu wa Bara

Kila unapotajwa mji wa Rhapta, soko la mwisho la Azania katika kitabu cha mfanyabiashara Myunani wa Misri wa karne ya kwanza, wataalamu hukimbilia pwani na rula mkononi. Huyu huuweka Pangani, yule Rufiji, mwingine karibu na Dar es Salaam. Kipimo chao ni safari ya siku mbili kutoka kisiwa cha Menouthias, ambacho nacho wengine hukiita Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia. Kisichojulikana hupimwa kwa kisichojulikana!

Ptolemy wa karne ya pili hutumiwa vibaya zaidi. Nyuzi zake huheshimiwa kana kwamba alizipima mwenyewe. Waama zilikisiwa kwa siku za mabaharia, kama Theophilus, aliyetoka Rhapta kwa upepo wa kusi akafika rasi ya Aromata, katika pembe ya Somalia, siku ya ishirini. Na Ptolemy mwenyewe alionya kwamba upepo haulingani siku zote. Wafuasi wake wamemwamini kuliko alivyojiamini.

Jambo lisilotegemea upepo limepuuzwa. Ptolemy asema mji ulikuwa mbali kidogo na bahari, penye mto uitwao Rhapton. Na yule mfanyabiashara asema pembe za ndovu zilitoka huko kwa wingi. Pembe hazioti mikokoni. Mto huo ukiwa ndio Rufiji, na shanga za kioo za Kirumi alizozitangaza Felix Chami mwaka 1999 zaelekeza huko, basi zaidi ya nusu ya maji yake hutoka Kilombero, yakipita Ifakara, katika bonde lililolisha makundi makubwa ya ndovu.

Hujibiwa kwamba maporomoko ya Shuguli huziba njia ya vyombo. Ni kweli, lakini pembe husafiri begani mwa mtu. Misafara ya karne ya 19 ilizitoa bara hata pwani pasipo mto wowote. Hapana adaiye kuwa Rhapta ilikuwa Ifakara. Linalodaiwa ni kwamba soko halielezwi kwa bandari peke yake. Wageni waliliita kwa kazi ya wenyeji, maana jina hilo latokana na neno la Kiyunani la kushona, kwa ajili ya vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, jamaa ya mtepe. Ni nani basi aliyewaletea washonaji hao pembe? Mikuki, mashoka na visu vilivyotoka Muza ya Yemeni viliishia mikononi mwa nani? Maswali hayo hayachimbuliwi ufukweni. Atakaye kuyajibu na aanzie Ifakara, ateremke na mto.