Rukhsa ya Hariri na Madai ya Kuua Vijidudu

Ndugu msomaji, katika maduka ya Tunduma, mahali zinapopishana bidhaa baina yetu na Zambia, kila kitambaa kinachong'aa na kuteleza huitwa hariri, hata kikiwa poliesta ya kiwandani. Hilo peke yake ni suala la uaminifu katika biashara. Zito zaidi ni dai linaloambatanishwa nalo: kwamba hariri huua vijidudu, na kwamba dalili yake ni Hadithi.

Hadithi yenyewe ni sahihi. Imo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (RA): Mtume (SAW) aliwaruhusu Abdurrahman bin Auf na Zubair bin Awwam (RA) kuvaa hariri kwa sababu ya muwasho, riwaya nyingine inataja chawa. Hukumu iliyomo ni rukhsa, yaani katazo kwa wanaume limelegezwa kwa ajili ya udhuru. Ama kwa nini hariri ilifaa, hapo maulamaa walijitahidi. Imam Nawawi alitaja ubaridi wake. Ibn Hajar akaona kuwa faida yake ni sifa inayoondoa chanzo cha muwasho, kama chawa. Bakteria hawakutajwa.

Je, sayansi inasemaje? Kiwavi wa hariri anapojifungia katika kifukofuko chake, hana uwezo wa kukimbia adui. Katika hariri hiyo mbichi Allah (SW) ameweka protini ziitwazo seroini, ambazo majaribio ya maabara yameonyesha kuwa huzuia baadhi ya bakteria. Subhanallah! Lakini hariri haivaliwi mbichi. Huchemshwa kwa sabuni au magadi ili kuondoa serisini, ile gundi ya nyuzi, ambayo ni takriban robo ya uzito wake. Anayedai kwamba kinga ya kifukofuko hubaki katika shuka la dukani, basi ushahidi ni juu yake, kwani kanuni ya sharia ni kuwa mdai ndiye anayeleta bayana.

Na ushahidi uliopo haumsaidii. Uzi wa hariri uliosukwa hutumika kushonea majeraha, na wapasuaji wanajua kwamba bakteria hujificha ndani yake kuliko katika uzi laini wa nailoni. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulifuatilia watoto 300 wenye ukurutu kwa miezi 6. Waliovishwa nguo za hariri pamoja na matibabu ya kawaida hawakupata nafuu zaidi ya wenzao waliopata matibabu hayo pekee.

Basi fikiri: mama ananunua kitambaa kwa fedha ambayo ingempeleka mwanawe kituo cha afya. Mtoto anaendelea kujikuna, na mama anaanza kuitilia shaka Hadithi, ilhali aliyekosea ni muuzaji aliyeitwisha Hadithi mzigo usio wake. Rukhsa ya Mtume (SAW) ni kweli, na haihitaji kutetewa kwa tangazo la dukani. Mgonjwa apelekwe kwa tabibu, na kitambaa kiuzwe kwa jina lake.

Wallahu a'lam.