KURA YA MWISLAMU SI MALI YA BABA YA MTU

Vijana wa kijiweni wananiuliza: Mwislamu wa Marekani ana chama gani? Nami nauliza, vyama vyenyewe vinamtaka?

Oktoba 2000 jumuiya kubwa za Waislamu kule zilimuunga mkono Bush wa Republican. Kisa? Kwenye mdahalo alikemea Waarabu kuandamwa kwa ushahidi wa siri. Oktoba 2001 mtu yule yule akatia saini sheria ya Patriot, makachero wakapewa rungu. Asante ya punda!

Wakahamia Democrat. Huko viti vikapatikana: Keith Ellison 2006, Rashida Tlaib na Ilhan Omar 2018. Sawa, lakini mabomu yaliyoangukia Gaza yalitoka ghala la serikali ya chama hicho hicho. Februari 2024, kwenye mchujo wa Michigan, watu zaidi ya 100,000 wakagoma kumpa Biden kura. Wakubwa wakaziba masikio. Novemba, mji wa Dearborn ukaangukia kwa Trump. Naye Juni 2025 akawafungia mlango Wayemeni na Wasomali, wakiwemo ndugu wa waliompigia kura!

Wapo wanaowacheka. Mimi siwacheki, maana walikuwa wakichagua kati ya mlango uliofungwa na mlango ulioegeshwa.

Ila tazameni New York. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, hakungoja baraka za wazee wa Democrat. Wengi wao walikuwa na Cuomo, gavana wa zamani. Kijana akazungumzia kodi ya nyumba na nauli ya basi, akamwangusha Cuomo kwenye mchujo Juni 2025, akamwangusha tena Novemba.