Deni la Filamu kwa Kitabu

Kila ionyeshwapo filamu iliyotokana na kitabu, shauri moja halikosi kuzuka miongoni mwa wanafunzi wa fasihi. Taa huwaka, watu hutoka nje, na baraza huketi papo hapo mlangoni. Mmoja husema kuwa filamu imekikosea kitabu adabu, kwa kuwa sura fulani imeachwa na mtu fulani ameongezwa. Mwingine hujibu kuwa filamu ni filamu na kitabu ni kitabu. Aliyetoa fedha yake kutazama hana haki ya kudai zaidi ya kuburudishwa. Nimeyasikiliza mabaraza haya kwa muda mrefu, na nathubutu kusema kwamba pande zote mbili zimepotoka. Zimepotoka zaidi katika hadithi za mambo ya ajabu, hadithi za sayansi na hadithi za upelelezi, aina tatu ambazo baadhi ya wataalamu wetu wangali wakizihesabu kuwa mchezo wa watoto.

Nianze na kundi la kwanza, ambalo naliita kundi la wahasibu. Mhasibu hukaa mbele ya sinema na kitabu mapajani, akijumlisha na kutoa. Kila kilichopungua hukiita hiana. Kipimo chake ni chepesi, na kwa sababu hiyo kina wafuasi wengi. Lakini kitabu cha kurasa mia tatu kikisomwa chote kwa sauti huchukua saa tisa au kumi, na filamu aghalabu haizidi saa mbili au tatu. Kupunguza, basi, si hiana. Ni sharti la kazi yenyewe. Tena kalamu huweza kuingia moyoni mwa mtu ikatuambia anachowaza, hali kamera huona uso tu. Amtakaye mtengenezaji asipunguze wala asibadili neno, kwa hakika amtaka asitengeneze filamu.

Kundi la pili ni la wapuuzaji. Hawa husema kuwa filamu haidaiwi chochote na kitabu. Nawauliza: kama haidaiwi, kwa nini imechukua jina lake? Mtengenezaji angeweza kubuni hadithi yake mwenyewe na kuipa jina alipendalo. Alilichukua jina la kitabu kwa kuwa alijua kwamba wasomaji watalifuata. Atumiaye jina la mwenziwe sokoni ana deni, apende asipende.

Deni hilo ni la nini? Si la matukio, wala si la maneno. Ni deni la kiini, yaani lile jambo ambalo likiondolewa, matukio yote hubaki maganda. Na kila aina ya hadithi ina kiini cha namna yake. Hadithi ya upelelezi husimama juu ya hoja: dalili zimewekwa mbele yetu, na akili ndiyo imtoayo mkosaji gizani. Hadithi ya sayansi husimama juu ya swali: kama jambo fulani lingalikuwa kweli, sisi wanadamu tungalikuwa nani? Hadithi ya ajabu husimama juu ya utaratibu wa ulimwengu wake: nani yuko katikati, lipi lawezekana, na kwa gharama gani.

Tumtazame Sherlock Holmes, aliyetokea kwanza katika kitabu cha Arthur Conan Doyle mwaka 1887. Kuanzia mwaka 1942, filamu kadhaa za Marekani zilimtoa katika zama zake zikamtia katika Vita Kuu ya Pili, huku Basil Rathbone akiwa Holmes na Nigel Bruce akiwa Watson. Wahasibu hulalamikia tarehe. Mimi siilalamikii tarehe, namlalamikia Watson. Katika vitabu yeye ni daktari, askari aliyejeruhiwa vitani, na ndiye msimulizi ambaye kwa macho yake twaziona dalili. Katika filamu hizo amefanywa mzee wa kuchekesha asiyefahamu lolote. Hapo hoja imepoteza mizani yake, maana kumpita mpumbavu kwa akili si ushindi. Mwaka 2010 televisheni ya Uingereza, BBC, ilibadili mengi zaidi: ilimweka Holmes katika London ya leo, yenye simu za mkononi na kompyuta. Lakini Watson wake ni mtu mwenye akili na heshima, naye amerudi na jeraha kutoka vita vya Afghanistan, kama alivyorudi yule wa mwaka 1887. Iliyobadili zaidi ndiyo iliyolipa zaidi. Mhasibu hana safu ya kuliandika jambo hili katika daftari lake.

Sasa tulitazame deni lililokataliwa kulipwa. Mwaka 1968 Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani, alitoa kitabu chake cha kwanza cha visiwa vya Earthsea. Shujaa wake, mchawi Ged, ana ngozi ya rangi ya shaba, na rafiki yake mkubwa ni mweusi. Watu weupe wamo, lakini katika sura ya kwanza huja kama wavamizi kutoka mashariki. Mwandishi hakuyapanga haya kwa bahati. Alikusudia kuivunja desturi ya hadithi za ajabu ambamo kila shujaa ni mweupe. Mwaka 2004 televisheni moja ya Marekani ilikifanya kitabu hicho kuwa mchezo. Majina yalibaki, visiwa vilibaki, joka lilibaki. Ged akawa kijana mweupe. Mwandishi, ambaye hakuwa na sauti katika utengenezaji, aliandika hadharani kulipinga jambo hilo. Mpuuzaji atasema kuwa rangi ni jambo la nje tu. Kama ni jambo la nje, mbona lilionekana zito hata likaondolewa? Kijana aliyejikuta katikati ya ulimwengu ule kwa mara ya kwanza aliondolewa humo kimyakimya, na jina la kitabu likatumiwa kuuficha uondoaji huo.

Sitaki kudai kwamba kipimo changu ni chepesi. Liko shauri linalonisumbua. Mwaka 1961 Stanisław Lem wa Poland alitoa kitabu kiitwacho Solaris, juu ya sayari iliyofunikwa na bahari yenye uhai, ambayo wataalamu wameichunguza kwa vizazi bila kuielewa. Mwaka 1972 Andrei Tarkovsky wa Urusi alitoa filamu yake. Aliongeza sehemu ndefu ya mwanzo katika nyumba ya baba duniani, akauelekeza moyo wa hadithi kwenye dhamiri na majuto. Lem alikasirika, kwake yeye kiini kilikuwa ukomo wa akili ya mwanadamu mbele ya kitu kigeni kabisa. Nakiri kuwa alikuwa na haki. Walakini swali la Tarkovsky nalo ni zito, na limetoka katika kitabu kile kile, kwa mke aliyekufa anayerudishwa na bahari ile. Deni limelipwa kwa sarafu nyingine. Mwenye mali aweza kuikataa sarafu hiyo, lakini hatuwezi kusema kuwa hakulipwa kitu.

Shauri hili latuhusu sisi. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale uliochapishwa mwaka 1960, alimpa Bwana Msa kiko na rafiki wa kufuatana naye, Najum, na kila msomaji wa Doyle aliwatambua mababu zao. Hapana aliyemshitaki kwa hiana. Aliichukua hoja akaileta Unguja, mahali ambapo maiti huonekana mzimuni na hofu ya pepo huweza kumfichia mwuaji njia. Hoja ilipata kazi mpya, na kiini kikabaki salama.

Nanyi wanafunzi msomao kurasa hizi, baadhi yenu mtashika kamera. Chukueni mfano wa Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Nchi iliyo angani, wajumbe sita waliotumwa pande sita, misafara ya ajabu: haya yote huita macho, na mwenye fedha atawashauri myaonyeshe haya tu. Atasema kuwa hotuba za mahakamani zachosha, na Karama apunguziwe maneno. Lakini Karama ameshitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na misafara yote ni ushahidi wake mbele ya baraza lenye uwezo wa kumwua. Punguzeni wajumbe wawe wanne, mkipenda. Ongezeni mtu, badilini mavazi, ileteni nchi ile katika zama zetu. Siku mtakapoambiwa mwiondoe mahakama, rudisheni fedha, na jina la kitabu mliache mahali pake.