Ukerewe ipo, tena ni karibu
Makala yako kuhusu utulivu wa visiwa vya Ugiriki ni nzuri, ndugu mwandishi, ila utulivu huo sisi wa Mwanza tunao hapahapa. Panda meli asubuhi. Baada ya saa tatu na ushee unashuka Nansio, kisiwani Ukerewe. Kodi baiskeli. Machungwa yanauzwa kando ya njia, sato anatoka ziwani kwenda sufuriani, na hakuna anayekuharakisha. Panda kilima cha Handebezyo utazame visiwa vilivyotapakaa.

Halafu nenda Kagunguli, alikoishi Aniceti Kitereza. Inaniuma kwamba wageni wengi hawaambiwi kuhusu Mkerewe huyu aliyemaliza mwaka 1945 riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa lugha yake, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapwa miongo kadhaa baadaye. Isome kabla ya safari. Mashamba, uvuvi na adabu za ukweni utavielewa vingine kabisa.

Ukivuka kwenda kisiwa cha Ukara, kumbuka kivuko cha MV Nyerere, kilichozama 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220. Chombo kikijaa kupita kiasi, tafadhali usipande. Lala hadi kesho, gesti zipo.